Mizinga Iliyogeuka Kilobaiti

Wanangu mnaoingia kazi ya kompyuta, mnanisifu kupita kiasi. Juzi mmoja wenu alinipigia simu kutoka Nzega, akaniita mwalimu wa walimu. Nilivimba kichwa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha nikakumbuka habari ya mizinga, chai ikanipalia. Ndiyo maana naandika. Mafanikio yangu mtu anaweza kuyamaliza akiwa amesimama mlangoni. Makosa yangu yanataka kiti.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha wafuga nyuki, ofisi yetu hapa Tabora mjini, wanachama wetu wengi wakiwa Ipole na vijiji vya jirani. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akapita pori, mito na njaa, na nyumbani kwetu wanasema hakuacha njiani hata furushi moja. Mimi mjukuu wake nilipewa kuhamisha mzigo kutoka meza moja kwenda meza ya pili, hatua tatu, chini ya feni. Nikaupoteza wote.

Mzigo wenyewe ulikuwa picha za mizinga. Wenzetu wa Ipole hutundika mizinga juu ya miti ndani kabisa ya pori, wengine mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na kila mwanamume huchonga alama yake kwenye mzinga wake. Mtoto huchukua alama ya baba na kuongeza mkato wake mdogo. Baba akifa, ndugu wakigombana, mkato ule ndio unaosema mzinga ni wa nani. Chama kikaona ni busara kila mzinga upigwe picha, alama ionekane, mti uonekane, na mahali ulipo paandikwe. Picha hizo zikaletwa kwangu nizitunze. Walinichagua kwa sababu nilikuwa na funguo za chumba.

Sasa sikilizeni habari ya linki, maana humo ndimo nilimoangukia. Picha moja ya mzinga ilitakiwa ionekane katika folda tatu: ya mwenye mzinga, ya kambi, na ya mwaka. Kuinakili mara tatu kungejaza diski. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa inatumia mfumo wa Linux, na mle unaweza kuweka picha yenyewe mahali pamoja, halafu kwingine ukaweka linki. Linki ni faili lisilo na kitu tumboni ila maelekezo: unayemtafuta hayupo hapa, nenda pale. Ukilifungua, kompyuta inakimbia yenyewe mpaka pale na kukuletea picha, wala wewe hujui kama umezungushwa. Nilizitengeneza linki hizo kwa maelfu kwa amri moja tu, nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Ndipo mkuu wetu wa ofisi akaamua kompyuta zote ziwe za Windows, kwa kuwa makarani wote walikuwa wamezoea hiyo. Nilinuna. Nikasema Windows ni ya watu wanaobonyezabonyeza, sisi wengine tunaandika amri. Nikatafuta programu inayoleta amri za Unix, mzazi wa Linux, ndani ya Windows, nikaiweka, nikafungua dirisha lake jeusi, nikaandika amri zangu zilezile za siku zote, zikaitika. Nikamwambia Neema, fundi mwenzangu aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule, "Unaona? Hata haijui kama tumehama."

"Mzee, na linki zitahama salama?" akaniuliza.

"Amri ni ileile, binti yangu. Itaharibika nini?"

Nawaambia leo kilichoharibika, mkiandike mahali. Windows ina linki zake, lakini haimpi kila mtu ruhusa ya kuzitengeneza. Inataka uwe msimamizi wa kompyuta au uwe umefungua mpangilio wake maalumu. Hizo programu za kuleta amri za Unix zikikosa ruhusa hazisimami kukulalamikia. Kila moja inafanya inavyojua. Nyingine inanakili faili zima kimyakimya, ukidhani umetengeneza linki kumbe una mafaili mawili yasiyojuana. Nyingine inatengeneza kijifaili kidogo, inaandika maelekezo ndani yake, na yenyewe peke yake ndiyo inayoelewa kwamba ile ni linki. Ukilitazama ndani ya dirisha jeusi, jina lipo na kila kitu kipo. Ukilitazama kwa Windows ya kawaida, unaona faili la kilobaiti moja, dogo mno kubeba picha, lisilofunguka. Programu yangu ilikuwa ya aina hii ya pili.

Mwenye akili angegundua siku ileile. Lile dirisha jeusi huzipaka rangi nyekundu linki zilizokufa, yaani zinazoelekeza mahali pasipokuwa na kitu. Mimi rangi nilikuwa nimezizima. Niliwaambia vijana kwamba rangi ni za watoto wa chekechea. Kwa hiyo maelfu ya linki yalikuwa yanapiga kelele kwa wekundu, na mimi nimeyaziba mdomo kwa maringo.

Kuhakiki nilihakiki, msinionee. Nilihesabu majina. Majina upande wa kompyuta ya zamani yakalingana na majina upande wa mpya, nikapiga mluzi. Na hapa naona aibu mara mbili, kwa sababu aliyenifundisha kazi alinikataza jambo hilo hasa. Mzee Kanji alikuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko, nilianza kwake kwa kushika koleo. Mteja akija kuchukua redio, Mzee Kanji hakumwambia "imepona" mpaka aiwashe mbele yake na isome habari. Siku moja nilimwambia mteja redio yake iko tayari kwa sababu taa yake ilikuwa inawaka. Mzee Kanji alinitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi. "Taa," akasema, "huyu alikuletea taa?" Nilikuwa nimehesabu taa, na miaka thelathini baadaye nikahesabu majina.

Baada ya kupiga mluzi nikaifuta kompyuta ya zamani, nikaifunga kwenye katoni pamoja na nyaya na makorokoro yake yote, ikapelekwa tawi letu la Kaliua.

Miezi ikapita. Jumanne moja asubuhi akaja ofisini mama mmoja wa Ipole, wanamwita Mama Nyanzala. Mumewe, Mzee Kasanda, tulikuwa tumemzika msimu uliotangulia. Alikuja na kitenge cheusi na daftari la mwanachama la marehemu limefungwa ndani ya nailoni.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia mama yule. "Karibu ukae."

Akaeleza polepole. Marehemu aliacha mizinga ishirini na sita. Mdogo wake, Mihayo, alikuwa anadai yote ni yake, kwamba Kasanda alikuwa anaitunza tu. Kamati ya chama ingekaa Ipole Jumamosi ya wiki ileile kuamua, na msimu wa kurina asali ulikuwa mlangoni. Akishindwa, Mihayo angeingia porini kurina, na yeye na watoto wanne wangebaki na ndoo tupu.

"Shemeji amesema mbele za watu nimwonyeshe hata mti mmoja," akasema. "Na mimi siwezi, baba. Porini hatwendi."

Nilijua maana yake. Kwa wenzetu wale kambi ya nyuki ni ya wanaume. Mwanamke anapika chakula cha safari, anapokea asali mlangoni, anachemsha nta, lakini kule mizinga ilipo haendi. Angeonyesha nini? Macho yake yote yalikuwa zile picha, na zile picha nilikuwa nazo mimi.

"Ondoa shaka," nikamwambia, nikavuta kiti, nikageuza skrini aione. Nikafungua folda ya Kasanda. Majina ishirini na sita yakajipanga mbele yetu. Nikabonyeza la kwanza. Windows ikasema haiwezi kulifungua. La pili, vilevile. Nikaangalia ukubwa: kilobaiti moja. Nikashuka mpaka chini: kilobaiti moja, kilobaiti moja, kama watu waliopewa mgawo.

Wanangu, hapo ndipo nilipofanya jambo linaloniuma kuliko kufuta chochote. Nilimtazama yule mama usoni nikamwambia, "Leo mtandao unasumbua. Rudi Ijumaa." Picha hazikuwa na uhusiano wowote na mtandao. Ni uongo wetu wa kazi, tunaukuta tumerithishwa kama viti vya ofisi. Akanishukuru, akafunga daftari lake, akaondoka.

Siku ile sikula. Niliijaribu kila folda, ya kila mwanachama, na kote ni hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nikamwita Neema nikamweleza ukweli, nikitegemea anicheke. Hakucheka. Ningeona afadhali angecheka.

"Mzee, hivi vijifaili umeviangalia ndani?"

"Vina nini cha kuangalia? Kilobaiti moja!"

Akakifungua kimoja kwa ile programu nyepesi ya kuandikia maandishi, Notepad. Mwanzoni kulikuwa na alama za ajabuajabu, kisha maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyatunga miaka saba nyuma. Yalisema picha ya mzinga wa kwanza iko ndani ya diski2, folda ya picha.

"Diski mbili ni ipi?" Neema akauliza.

Nikakaa chini. Diski mbili! Kompyuta ya zamani diski yake ya ndani ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilichomeka ya nje kwa nyuma, nikaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli isidondoke, picha zote nikaziweka humo. Ndani ya kompyuta yenyewe hapakuwa na picha hata moja, kulikuwa na linki tu. Nilivyohamisha, nilihamisha vibao vya njia, nikaacha mji. Na nilipofuta, nilifuta vibao. Ile diski nilikuwa nimeitupa mwenyewe kwenye katoni la Kaliua, na mpira wake.

Alhamisi mimi na Neema tukapanda basi la asubuhi la Kaliua. Njia nzima nilikuwa nahesabu mambo yanayoweza kuipata diski iliyokaa miezi kadhaa ofisini Kaliua: kuibiwa, kunyeshewa, kuazimwa. Lililonitia hofu zaidi ni kwamba diski ile ilikuwa imetengenezwa kwa mtindo wa Linux. Windows haiwezi kuisoma, na ikishindwa kusoma haisemi "sijui". Inasema diski hii inahitaji kufomatiwa, niifomati? Ukikubali, inasafisha kila kitu. Kule Kaliua, baada ya mimi kuwapelekea kompyuta, vijana waliiwekea Windows.

Karani wetu wa Kaliua alikuwa Bwana Deus, mtu mpole, mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Shikamoo na marahaba hazijaisha nikamuuliza habari ya diski.

"Ile yenye mpira? Ipo," akasema, akaitoa kwenye droo. "Nilitaka kuweka nyimbo za kwaya, ikakataa. Kila nikichomeka inaniuliza, niifomati?"

"Na wewe unajibuje?"

"Nakataa. Neno lenyewe silijui, mzee. Mimi nikiulizwa na mashine neno nisilolijua, nakataa, nachomoa, nairudisha kwenye droo. Nimejaribu kama mara nane hivi."

Mara nane! Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikafanya ufundi. Nikaichukua diski kwa pupa, nikaichomeka kwenye kompyuta yake kuona kama ni nzima. Swali likaja. Na kidole changu, wanangu, kidole cha mtu aliyejibu swali hilo ndiyo, ndiyo, ndiyo tangu ujana wake, kwenye kila flashi ya kila karani, kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kukubali.

Bwana Deus akanikamata kifundo cha mkono.

"Mzee," akasema kwa adabu, bila kuniachia, "hapo mimi huwa nakataa."

Neema akaichomoa diski, akaishika mwenyewe kuanzia pale, na mimi sikuidai. Alikuwa amebeba flashi yake yenye Linux. Akaiwasha kompyuta upya kupitia flashi hiyo, akachomeka diski, na folda ya picha ikafunguka. Yeye hakuhesabu majina. Alifungua ya kwanza, akafungua za katikati, akafungua ya mwisho, kisha akafungua zote za Kasanda, moja moja, mpaka mzinga wa ishirini na sita. Alizinakili mahali pawili kabla hajaniruhusu kuvuta pumzi. Mkihamisha linki, fanyeni hivyo. Na wakati wa kufungasha, iambieni amri ifuate linki mpaka kwenye kitu chenyewe. Ni herufi moja tu ya kuongeza. Nilikuwa naijua tangu zamani, sikuiona ina haja.

Ijumaa Mama Nyanzala akarudi. Picha zilikuwa zimeshachapwa, zimefungwa kwenye bahasha mezani, ningeweza kumkabidhi nikaonekana shujaa. Nilishawishika, sifichi. Lakini Neema alikuwa amekaa pale ananitazama.

"Mama," nikasema, "Jumanne nilikudanganya. Mtandao haukuwa na kosa. Picha za marehemu nilizipoteza mimi, kwa kiburi changu, na aliyezitafuta ni huyu binti, na aliyezitunza ni mtu wa Kaliua asiyejua kama anazitunza. Nisamehe."

"Nilijua, baba," akasema. "Mtandao ukisumbua fundi hatokwi na jasho." Akachukua bahasha, akasema itafunguliwa mbele ya kamati, na kwamba ameshasamehe, ila kuanzia siku ile atakuwa anaongea na Neema.

Jumamosi kamati ikakaa Ipole, mimi na Neema tukiwepo. Mihayo alisimama wa kwanza, mtu mrefu mwenye sauti ya kutangulia mbele za watu. Akasema alama ya mizinga ni ya baba yao, na yeye ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Na kama huyu shemeji yake ana mizinga, basi aitaje ilipo.

Neema akafungua bahasha, akapanga picha mezani. Mizinga ya Mihayo, ambayo naye aliisajili mwenyewe, ilikuwa na alama ya baba na mkato mmoja mrefu ubavuni. Mizinga ishirini na sita ilikuwa na alama ya baba na mikato miwili mifupi chini yake, na katika picha kadhaa Kasanda mwenyewe amesimama chini ya mti, mkono ameuweka kiunoni. Mwenyekiti alizipitia zote, akamsogezea Mihayo. Mihayo akaziangalia kwa muda mrefu. Sauti yake ilikuwa ndogo aliposema, "Huo ni mkato wa kaka."

Ikaamuliwa mizinga ni ya Mama Nyanzala na watoto wake. Mwenyekiti akamuuliza kama ana neno.

Mama Nyanzala alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameinamia picha, anazigusa kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine.

"Miaka thelathini na moja nimesonga ugali wa kwenda kambini," akasema. "Nta nimechemsha mimi, ndoo nimeosha mimi. Mzinga wenyewe ndiyo kwanza leo nauona." Akainua picha moja, mzinga kwenye mti uliopinda. "Huu uko mbali?"

Mihayo mwenyewe ndiye aliyejibu, "Ukitoka alfajiri, unafika jua linazama."

"Basi, shemeji, Jumatatu tutatoka alfajiri. Utanipeleka."

Wanaume wote mle ndani wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia jambo kama hilo. Mihayo alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari.

"Nitakupeleka," akasema Mihayo.

Walikwenda. Mihayo ndiye aliyemsimulia Neema baadaye, kwa simu. Anasema walipokaribia, yeye alianza kuutafuta kwa macho ule mti uliopinda, na Mama Nyanzala alikuwa ameshaweka mzigo chini, anautazama mzinga wake.